Mzaha katika Mahaba ya Majini

Miongoni mwa mambo ambayo wachunguzi wa fasihi ya Kiswahili wameyapita mbio ni mapenzi ya viumbe visivyoonekana wao kwa wao. Habari za jini aliyempenda mwanadamu ni nyingi mno, na kila aliyekulia pwani amezisikia barazani au jikoni. Habari za jini aliyempenda jini mwenziwe ni chache vitabuni, na zile za jini aliyempenda jini wa jinsia yake ni kama kwamba hazipo. Mtu akiuliza sababu, hujibiwa kwa moja ya njia mbili. Husemwa kwamba jambo hilo si la hapa, limeletwa na vitabu na filamu za ng'ambo. Au husemwa kwamba, hata kama lipo, lipo kwa sura ya kitisho, na hapo hutajwa Popobawa na mazungumzo hukoma. Majibu haya mawili yanapingana, maana kitu hakiwezi kuwa mgeni aliyefika jana na papo hapo kikawa ndicho kilichowatoa watu vyumbani mwao wakalala uani. Lakini aghalabu hutolewa na watu wale wale, katika kikao kile kile.

Hoja inayowekwa mbele ya msomaji hapa ni kwamba mahaba ya namna hiyo yamo katika sanaa ya pwani, tena yamo kwa sura ya mzaha kuliko ya kitisho. Kilichoyaficha si aibu ya wasimulizi peke yake. Yamefichwa zaidi na mtindo wa wakusanyaji, walioyaandika maneno ya ngoma na ya hadithi wasiandike maneno hayo yalitoka katika mwili wa nani.

Yafaa kuanza mbali kidogo. Huko Ulaya hadithi ya mzuka ampendaye mtu wa jinsia yake ilianza kwa hofu. Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Ireland, alitoa Carmilla mwaka 1872, yaani miaka 25 kabla ya Dracula ya Bram Stoker. Ndani ya kitabu hicho mnyonya damu wa kike anampenda msichana, na mapenzi yenyewe ni maradhi yanayomla kidogo kidogo. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya hofu ile kulegea. Filamu ya New Zealand iitwayo What We Do in the Shadows, ya mwaka 2014, inawaonyesha wanyonya damu wanaume wanaoishi nyumba moja na kugombana kwa ajili ya vyombo visivyooshwa. Mchezo wa televisheni ulioifuata mwaka 2019 ulikwenda mbele zaidi, ukawafanya wapendane bila ya kuchagua mume wala mke, na watazamaji wakacheka tu. Basi kwa Wazungu kicheko ndicho kilichokuja mwisho. Pwani, kwa kadiri mambo yanavyoonekana, kicheko kilitangulia, na hofu ikaja nyuma yake.

Mfano wa karibu umo katika Alfu Lela u Lela, kitabu ambacho visa vyake vimesimuliwa kwa Kiswahili kwa muda mrefu hata wasimulizi wengine huvidhania kuwa ni vya kwao. Katika kisa cha Kamaruzzaman na Budur, jini wa kike Maimuna anamwona kijana amelala mnarani, anapigwa na butwaa kwa uzuri wake. Akiruka angani anakutana na ifriti Dahnash, naye anatoka kumtazama binti wa mfalme huko China. Wanabishana ni yupi mzuri zaidi. Wanamleta binti, wanamlaza kando ya kijana, wanapima, wanabishana tena, mpaka wanamwita jini wa tatu, Kashkash, mwenye pembe na kibyongo, awe kadhi wao. Hapana kitisho hapo hata kidogo. Ni ubishi wa wapenda uzuri, kama wa vijana wawili wanaolinganisha mashairi. Na jambo la kuchekesha zaidi ni kwamba majini yenyewe, la kike na la kiume, yako pamoja usiku kucha wala hakuna lenye haja na mwenziwe.

Nusu ya pili ya kisa hicho ndiyo inayohusu zaidi. Budur, akiwa amempoteza mumewe safarini, anavaa nguo za mume huyo na kushika nafasi yake. Anafika katika nchi ambayo mfalme wake anampenda, anamwachia kiti cha enzi na kumwoza binti yake, Hayatunnufus. Wanawake hao wawili wanafichiana siri na kuishi kwa mapenzi. Hatimaye Kamaruzzaman anatokea, masikini, asimjue mfalme aliye mbele yake ni nani. Na mfalme huyo anampandisha cheo juu ya cheo, kisha anamwambia wazi kwamba anamtaka. Kijana anatetemeka, anatoa hoja za dini, anarudisha vyeo vyote. Budur anaendelea kumtania mpaka kicheko kinamshinda, ndipo anapojifunua. Wasikilizaji wanajua, mhusika hajui, na utamu wote umo katika tofauti hiyo. Asemaye kwamba mzaha wa namna hii ni mgeni katika masikio ya pwani hana budi kwanza kukiondoa kisa hiki, na atapata taabu, kwa kuwa kimekaa humo kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu yake.

Hata hivyo hadithi hiyo ilikuja kwa jahazi. Mahali penyewe pa kutazama ni kilingeni.

Ngoma za pepo za pwani zimeandikwa mara nyingi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, ni miongoni mwa walioandika habari zake katika kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, Desturi za Wasuaheli. Hans Koritschoner aliandika juu ya ngoma ya sheitani mwaka 1936. Marja-Liisa Swantz alikaa Bunju katika miaka ya 1960, wakati Bunju ilipokuwa kijiji cha Wazaramo nje ya mji, na siyo sehemu ya Kinondoni iliyojaa nyumba kama ilivyo leo. Kitabu chake cha mwaka 1970 kina habari nyingi za madogoli. Lloyd Swantz aliwatafuta waganga wa Kizaramo ndani ya mji wenyewe, na kitabu chake kikatoka mwaka 1990. Kwa upande wa Unguja, Kjersti Larsen alitoa mwaka 2008 uchunguzi ambao kwa jambo hili unapita vyote vilivyotangulia, kwa sababu aliuliza swali ambalo wengine hawakulijali: pepo huyu ni mume au mke, na kiti chake je?

Swali hilo linaonekana dogo. Ukweli ni kwamba ndilo mlango wa nyumba nzima. Pepo ana kabila, dini, umri, chakula akipendacho, manukato yake, lugha yake na jinsia yake. Rohani ni Mwarabu na Mwislamu, hutaka marashi na nguo safi. Wa kibuki hutoka Bukini, ni Mkristo, na hutaka brandi. Wa rubamba ni wa Pemba, wa habeshia ni wa Uhabeshi. Hakuna kanuni isemayo kwamba pepo wa kiume atapanda kichwa cha mwanamume. Viti vingi ni wanawake, na mapepo mengi ni ya kiume. Basi usiku wa ngoma mwanamke wa makamo aliyekuja na kanga yake huketi kitako kwa namna ya mzee wa kiume, hudai sigara, huwasemesha watu kwa sauti nzito, na watu humwitikia kwa heshima ipasayo mwanamume. Hakuna ashangaaye. Mtu akimwita kwa jina la kiti hukatazwa, kwa kuwa mwenye jina hilo hayupo kwa sasa.

Sasa tuseme kilinge kina viti viwili, vyote wanawake. Pepo wa kiume amepanda kichwa cha mmoja, pepo wa kike amepanda kichwa cha mwingine. Yule wa kiume akimtupia mwenziwe maneno ya kuposa, kilinge kinasikia mwanamume anayemposa mwanamke. Na kilinge hicho hicho kinaona wanawake wawili. Kinyume chake kinawezekana pia: jinni wawili wa kiume, mmoja katika mwili wa kike, mwingine katika mwili wa kiume; hapo jicho linaona ndoa ya kawaida, na sikio ndilo linaloshtuka. Mzaha wa kilinge umejengwa juu ya mfarakano huu wa jicho na sikio. Kila mtu aliyepo anashika kweli mbili kwa pamoja, na hachagui moja mpaka ngoma imalizike. Michael Lambek, aliyechunguza mambo haya Mayotte na kuandika kitabu chake mwaka 1981, ameonyesha jinsi pepo wa mke anavyozungumza na mume wa kiti chake kama watu wawili wenye mkataba, na jinsi mazungumzo hayo yalivyojaa utani. Kwa desturi za Komoro na za Waswahili, ambazo ni ndugu, jambo hilo si la kushangaza.

Imeandikwa pia kwamba ngoma ya kibuki huko Unguja huhudhuriwa na wanaume ambao watu wa mji huwaita mashoga. Neno lenyewe lastahili kutazamwa. Shoga kwa asili ya matumizi yake ni mwanamke rafiki wa mwanamke. Ndilo neno analoitia jirani yake akipita mlangoni. Neno hilo hilo, likitajwa kwa mwanamume, lina maana nyingine kabisa, na dharau huingia. Lakini kilingeni mtu huyo ana nafasi ambayo barazani hana. Akipandwa na pepo wa kike, maneno yake ya kike ni ya pepo. Akipandwa na pepo wa kiume, huwa mwanamume kuliko waume wote waliopo. Msomaji asidhani hapa panasemwa kwamba kilinge ni pepo ya peponi kwa watu hao. Kwao, kama kwa wengine wote, ni mahali pa tiba, pa gharama na pa uchovu. Yanayosemwa ni kwamba ni mahali ambapo lugha ya mapenzi inaweza kutoka katika kinywa chochote kumwelekea yeyote, na watu wakacheka bila ya kupigana.

Tena iko habari ya jini mahaba, ambayo haihitaji ngoma. Mjini Dar es Salaam, kuanzia Magomeni mpaka Mbagala, mtu mzima asiyeoa au asiyeolewa huambiwa kwamba ana jini mahaba: jini amempenda, anamwonea wivu, anawafukuza wachumba. Wanaoyasema maneno haya husema kwa nusu ya huruma na nusu ya utani. Kwa mhakiki wa hadithi, kisa cha jini mahaba ni hadithi fupi iliyokamilika, yenye mpenzi, mpenzwa na kikwazo. Kwa yule asiyeoa, huenda ikawa ni kitu kingine: jawabu ambalo halimlazimu kueleza zaidi.

Baada ya hayo ni lazima kuingia katika sarufi, na wataalamu wa lugha watasamehe ikiwa hatua za kwanza ni za wanafunzi.

Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika viambishi vya nafsi. Alimpenda ni alimpenda. Msimulizi wa Kiarabu wa kisa cha Budur hawezi kutamka kitenzi bila ya kuchagua. Akisema mfalme alisema, kitenzi chake kinabeba jinsia, na kwa kila sentensi hana budi kuamua kama anafuata nguo au mwili. Msimulizi wa Kiswahili hana taabu hiyo. Anaweza kwenda kurasa kumi na siri ikakaa mahali pake, bila ya ujanja wowote. Hata majina ya mapenzi yamekaa hivyo: mpenzi, muhibu, laazizi, nyonda, na hasa mwenzi, neno linalomfaa rafiki, msafiri na mke. Washairi wa mapenzi wa pwani wamelitumia jambo hili tangu zamani. Mara nyingi msomaji humaliza shairi zima asijue aliyesifiwa ni nani, na hufanya haraka kumdhania kuwa ni mwanamke kwa sababu anajua, au anadhani anajua, mtunzi ni mwanamume.

Lakini kile ambacho viambishi vinaficha, kitenzi cha ndoa kinafichua. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Huposa na huposwa. Huoza aliye na binti. Hapa lugha ni kali, na ndiyo maana mzaha mwingi wa kilinge hukaa juu ya kitenzi hiki kimoja. Pepo wa kiume katika mwili wa mwanamke anaposema kwamba amekuja kuoa, kitenzi kinashuhudia pepo na mwili unashuhudia kiti. Msikilizaji hawezi kuepa. Liko pia umbo la kutendana, kuoana, ambalo linafuta tofauti yote kwa silabi moja. Na si ajabu kwamba wasimulizi wanaotaka kuwasetiri wahusika wao hukimbilia huko: wakapendana, wakaoana, wakakaa raha mustarehe. Nani alioa? Hadithi haisemi.

Jambo la pili ni upatanisho wa ngeli, nalo halijapewa haki yake. Viumbe visivyoonekana havikai katika ngeli moja. Mzimu unakasirika, mzuka unatokea, zimwi linakula, pepo zinampanda mtu, mashetani yanamsumbua. Jini tu ndiye aliyezoea a-, na hata yeye, msimulizi akiwa na hasira naye, huwa jini limekuja. Methali inayosema zimwi likujualo halikuli likakwisha imekaa na li- yake bila ya wasiwasi. Sasa kiumbe akianza kupenda, mambo hubadilika. Si ajabu kumsikia msimulizi akianza na zimwi likaja, likanusa, likauliza. Kisha, kiumbe anapoanza kuona haya au wivu au shauku, sentensi hugeuka bila ya taarifa: akamwambia, akamshika mkono. Penzi limempandisha ngeli. Haya hayafanyiki kwa kanuni, wala wasimulizi hawakubaliani. Lakini mtu akikusanya mahali ambapo li- inageuka a-, atakuwa amekusanya mahali ambapo msimulizi ameanza kumpenda mhusika wake.

Na kuna hatua ya katikati, ambayo ndiyo ya mzaha hasa. Msimulizi akisema majini yakapendana, badala ya wakapendana, hajawatukana, wala hajawapandisha. Amewaweka mbali kidogo, kama mtu anayetazama paka wawili juu ya ukuta. Kiambishi ya- hapo hufanya kazi ambayo katika lugha nyingine ingehitaji sentensi nzima ya dhihaka ya upole. Wafasiri wa hadithi za kigeni za wanyonya damu na mbwamwitu wapendanao, ikiwa watatokea, watafanya vema kuijua. Mtu akizifasiri hadithi hizo za kuchekesha kwa a- na wa- tangu mwanzo mpaka mwisho, zitasomeka kama habari ya watu waliovaa meno ya bandia; na akizifasiri kwa li- na ya- tangu mwanzo mpaka mwisho, zitakuwa ngano za kutishia watoto.

Imebaki Popobawa, kwa kuwa yeye ndiye hutajwa kufunga mjadala. Habari zake zinajulikana. Mwaka 1995, wakati wa Ramadhani na baada yake, hofu ilienea kutoka Pemba mpaka Unguja kwamba kiumbe mwenye mabawa huwaingilia watu usiku, wanaume kwa wanawake. Watu walilala nje kwa makundi, wakizunguka moto. Mtu mmoja asiye na hatia, mgonjwa wa akili aliyetoka bara, alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa. Mwaka 2007 uvumi ulifika Dar es Salaam, na mashirika ya habari ya ng'ambo yakautangaza kwa furaha isiyofichika. Martin Walsh, katika makala ya mwaka 2009, amefuatilia namna jambo hili lilivyofungwa na siasa za Zanzibar. Maelezo ya namna hiyo yanaridhisha kwa kiasi, lakini hayasemi kwa nini kiumbe huyu, na siyo mwingine, aliweza kukaa midomoni mwa watu kwa miaka mingi.

Katrina Daly Thompson, ambaye kitabu chake juu ya Popobawa kilitoka mwaka 2017, alitazama mazungumzo yenyewe kuliko hofu, na akakuta ndani yake utani mwingi. Sehemu moja ya kisa ina thamani kubwa kwa mwanafasihi: husemwa kwamba aliyeingiliwa na Popobawa lazima awasimulie wenziwe, asipofanya hivyo atarudiwa. Hadithi yenyewe inadai kusimuliwa. Katika jamii ambayo mambo ya kitandani husitiriwa, kiumbe huyu amefanya kusimulia kuwa ni dawa, na hivyo kuwapa watu ruhusa ya kusema mambo ambayo wasingeyasema. Na ruhusa ya kusema, barazani, haikai siku mbili kabla ya kuwa ruhusa ya kutania. Mtu humwambia jirani yake kwamba ameonekana amechoka leo, je, alikuwa na mgeni? Mgeni huyo hahitaji kutajwa jina. Wageni waliokuja kuandika walisikia kitisho kwa sababu walikuja kukitafuta.

Hata hivyo lisisahauliwe kwamba utani huo una ukingo wake. Kiini cha Popobawa ni kumwingilia mtu bila ya ridhaa yake, na mzaha unaozunguka jambo hilo ni mzaha wa watu wanaopoza hofu. Si mzaha wa Budur, wala si wa kilinge, ambako pepo huposa, hungoja jibu, na hukataliwa mbele za watu. Kuviweka vyote katika kapu moja kwa sababu tu vyote vina pepo na vyote vina mume na mume ni kosa la kusoma. Ndilo kosa linalofanywa na wale wasemao kwamba mahaba haya yako kwa sura ya kitisho tu: wamechukua kisa cha dhuluma wakakifanya kuwa kipimo cha visa vya mapenzi.

Filamu za video za Dar es Salaam zingeweza kuwa mahali pa kuendeleza mzaha wa kilinge. Zilizaliwa katika mitaa hiyo hiyo, kwa fedha kidogo, zikatazamwa katika vibanda vya Manzese na Tandika, na tangu mwanzo zilipenda majini. Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003, kisha Shumileta mwaka 2005, ambayo mhusika wake mkuu ni jini wa kike anayempenda mwanadamu. Claudia Böhme, aliyezichunguza filamu hizi, ameonyesha kwamba Shumileta imefuata nyayo za filamu za Nigeria. Na humo ndimo hasara ilimoingia. Jini la kilinge, lenye kabila na dini yake, linalopenda marashi na kukasirikia vumbi, limegeuzwa ibilisi asiye na kwao, ambaye kazi yake ni kunywa damu na kushindwa. Jini asiye na kwao hawezi kuchekesha. Kichekesho chahitaji mtu mwenye tabia ndogo ndogo, na ibilisi wa filamu ana tabia moja tu.

Lipo pia jambo la sheria, na mhakiki asiyelitaja atakuwa anawadai watunzi ushujaa usio wake. Filamu na michezo ya jukwaani ya Tanzania inaangaliwa na sheria ya mwaka 1976. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kwa makosa ya kinyume cha maumbile kifungo kisichopungua miaka 30, mpaka cha maisha. Mwezi wa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, alitangaza kuunda kamati ya kuwasaka wapenzi wa jinsia moja, na serikali ikasema siku chache baadaye kwamba huo haukuwa msimamo wake. Mwaka huo huo, nchini Kenya, filamu ya Wanuri Kahiu iitwayo Rafiki ilipigwa marufuku, na mahakama ikairuhusu kuonyeshwa kwa siku saba tu. Rafiki haina jini hata mmoja. Wasichana wake wawili ni watu wa mtaani, na huenda hilo ndilo lililoiponza. Hadithi ya majini ingekuwa na kanga ya kujifunika. Kilinge hakikuwahi kuomba kibali cha bodi yoyote.

Kuna watu wa vibandani, hata hivyo, ambao kazi yao yafaa kusikilizwa upya kwa ajili ya jambo hili. Ni wale wasimulizi wa video waliozigeuza filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakisema juu ya sauti za waigizaji. Aliyejulikana kuliko wengine ni Derek Mukandala, aitwaye Lufufu, ambaye Matthias Krings amemwandikia makala yenye jina linaloilinganisha sanaa hiyo na kuugeuza wali kuwa pilau. Msimulizi wa namna hii huifanyia filamu kila kitu: hufupisha, hueleza, hutania, huwapa wahusika tabia za mtaani. Anapokea lugha ambayo kila nafsi ndani yake ina jinsia, naye anaitoa katika lugha isiyo nayo. Jicho la mtazamaji liko kwenye kioo, na sikio lake liko kwa msimulizi. Ni kilinge kile kile, isipokuwa kiti ni televisheni.

Kanda za wasimulizi hao zipo, sauti na picha pamoja. Kwa ngoma za zamani hali ni mbaya zaidi. Maandishi ya Velten na ya wenziwe yametupa maneno bila ya miili, na hata pale sauti ilipohifadhiwa, sauti nzito inayosikika ikidai sigara na kuposa haina uso. Huenda ni ya mwanamume. Huenda ni ya bibi wa miaka sitini kutoka Temeke, na huenda anayeposwa ni shoga yake wa miaka yote, aliyeketi mkeka mmoja naye. Wazee waliokaa katika ngoma za miaka ya 1960 na 1970 wangali hai baadhi yao, na wanaweza kuulizwa ni nani alikuwa kiti cha nani.